Dawa ya Pamba Mgongoni mwa Mbwa

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo. Nilikuwa msichana asiyeweza kukaa. Nikianza kufagia naacha katikati, nikienda kisimani nasahau ndoo. Mama alizoea kuniambia kwamba nina siafu miguuni. Kijiji chetu hakikuwa mbali sana na Bariadi, safari ya baiskeli ambayo kiangazi unaifurahia na masika unailaani, kwa sababu udongo wa mbuga ukilowa unaganda kwenye magurudumu mpaka inabidi uibebe baiskeli yenyewe.

Ilikuwa masika, wakati wa kupulizia pamba. Zamani dawa ya pamba ilikuja kwa chama cha ushirika, kwenye madebe yenye picha ya fuvu, na bwana shamba alipita kuelekeza. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa pamba walikuwa wengi, kila mmoja na mizani yake, na dawa uliipata mnadani kwa mtu yeyote aliyetandika turubai chini. Baba alinunua ya kwake ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya mafuta ya kula. Haikuwa na karatasi wala maandishi. Muuzaji alimwambia, "Hii inaua kila kitu, mzee," na baba akarudi nyumbani akiisema sentensi ile kama sifa.

Josho la kijiji nalo lilikuwa limekauka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haikuletwa tena bure, na kupe walikuwa wamezidi. Walijaa kwenye masikio ya ng'ombe, na walimjaa mbwa wetu.

Mbwa huyo alikuwa jike, rangi ya majani makavu, na hakuna aliyewahi kumpa jina. Baba alimwita kwa mluzi mmoja mrefu, mimi kwa miwili mifupi, naye alitutofautisha. Mwaka uliotangulia fisi aliingia kwenye zizi la ndama, na mbwa huyo peke yake alimzuia mpaka baba akatoka na mkuki. Sikio lake la kushoto lilibaki nusu. Tangu hapo hata mama, ambaye hakupenda mbwa, hakuthubutu kumfukuza jikoni.

Asubuhi moja mama alichukua chupa ile ya baba, akamimina kidogo kwenye kitambaa, akampaka mbwa mgongoni, tumboni na masikioni. Jua lilipopanda kupe wakaanza kuanguka wenyewe. Mama alifurahi. Aliwakusanya kwenye kipande cha chungu akatuonyesha.

"Mnaona? Ng'wanone, mwanangu, dawa ndiyo hii." Kisha akamtazama binti wa kaka yangu, mtoto wa miaka minne hivi aliyekuwa akiishi nasi, akijikuna kichwa kwa mikono miwili. "Na huyu na chawa wake nitampaka nikimaliza kusaga."

Nilisikia maneno yale na hayakunigusa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta sababu ya kutoka nyumbani.

Haikupita muda mrefu mbwa akaanza kutapika. Kisha mate yakamtoka kama uzi, mengi, yasiyokatika. Miguu ya nyuma ikatetemeka, nyama za mapaja zikachezacheza chini ya ngozi kana kwamba kuna kitu kinatembea ndani. Mama alisema ameumwa na nyoka. Baba alikuwa shambani. Nilisema nampeleka Bariadi, na mama akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Mbwa?"

"Ndiyo, mayu. Mbwa."

Hakunikataza. Alinisaidia hata kumfunga kwenye tenga juu ya keria, akamfunika kwa gunia.

Njiani nilisimama mara nyingi kuliko nilivyoendesha. Kila baada ya mwendo mfupi nilishuka, nikachokoa udongo kwenye madigadi kwa kijiti, nikasukuma, nikapanda tena. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka kunisalimu, "Mwangaluka," na walipouliza nimebeba nini nikawajibu, walicheka mpaka wakaegemea majembe. Sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mbwa ikikoroma kama maji yanayochemka, na kila ilipokatika niligeuka.

Ofisi ya mifugo nilimkuta bwana mmoja nyuma ya meza. Alinisikiliza kwa upole, akafungua kabati kunionyesha rafu tupu. "Siku hizi sisi tunatoa ushauri tu, dada. Dawa ziko madukani." Akanielekeza kwa daktari wa mifugo aliyekuwa amepunguzwa kazini, ambaye sasa alikuwa na duka la dawa za mifugo nyuma ya soko.

Daktari huyo alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi chache na sauti ya chini. Alikuwa akimhudumia mteja wa dawa ya minyoo. Alipoona tenga hakuuliza kama ni mbwa au ni ndama. Alimwinua akamlaza uani kwenye saruji, akamfunua kope, kisha akanusa manyoya yake. Uso ukambadilika.

"Mmempaka nini?"

"Dawa ya pamba. Kwa ajili ya kupe. Lakini mama anasema ameumwa na nyoka."

"Tazama jicho." Nilitazama. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano. "Nyoka hafanyi hivi. Hii ni sumu ya dawa. Inaingia kwa ngozi, na akijilamba inaingia kwa mdomo pia. Wewe mwenyewe nenda kanawe mikono kwa sabuni, mpaka viwikoni."

Wakati nanawa, alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akavunja kichupa kidogo cha kioo, akamchoma sindano. Aliniambia dawa ile inaitwa atropini, na kwamba mbwa angehitaji nyingine baada ya muda, na nyingine tena, mpaka mate yakauke. Kisha akaanza kumwosha kwa sabuni ya mche na maji ya ndoo. Huku akimsugua aliuliza, bila kuinua kichwa, "Nani mwingine amepakwa?"

Ndipo maneno ya mama yalipoingia masikioni kwangu, baada ya saa zote zile. Nikimaliza kusaga.

Nilimwambia. Sijui nilisemaje, nakumbuka tu kwamba mikono yake ilisimama juu ya mgongo wa mbwa, povu likimtiririka.

"Ana umri gani?"

"Minne."

Aliinuka, akaingia dukani, akarudi na kisanduku kidogo chenye vile vichupa vilivyobaki, vimezungushiwa pamba.

"Chukua. Hospitali wanaweza kuwa nayo, wanaweza wasiwe nayo, siwezi kukuhakikishia. Wewe usimchome mtoto. Mpe daktari mkononi. Ukimkuta ameshapakwa, mkate nywele kwa mkasi, si wembe, usije ukamchuna. Sabuni na maji mengi. Nguo zake mvue. Halafu mlete haraka, hata kama anacheza."

"Na huyu?"

Alimtazama mbwa. "Huyu nitaendelea kumwosha. Nenda."

Kurudi sikumbuki sana. Nakumbuka kwamba pale udongo ulipoziba magurudumu kabisa sikuchokoa tena, niliinyanyua baiskeli begani nikakimbia nayo mpaka penye mchanga. Nakumbuka wale wanawake wa majembe hawakucheka safari hii. Mfuko wa sketi yangu nilikuwa nimeufunga kwa pini, na nilikuwa nikiugusa kila mara kuhakikisha kisanduku kimo.

Nilipofika, jiwe la kusagia lilikuwa kimya. Mama alikuwa ameketi kivulini, mtoto katikati ya magoti yake, kichwa cha mtoto kimefungwa kitambaa.

"Mayu, umempaka?"

"Sasa hivi tu. Mbona umelowa hivyo?"

Nilikifungua kitambaa, na harufu ilinipanda puani. Nilimwambia mama alete mkasi na maji, akaanza kubisha. "Lakini kupe wote wamekufa, mwenyewe uliona."

"Na mbwa naye anakufa, mayu. Kwa dawa hiyo hiyo."

Aliinuka mbio kuliko nilivyowahi kumwona. Alirudi na mkasi na mtungi mzima wa maji. Tulikata nywele, tukaosha, tukamwaga, tukaosha tena. Mtoto alilia kwa nguvu, na mimi nilikifurahia kile kilio. Lakini kilipotulia niliona mate yamejaa kwenye midomo yake, na akasema tumbo linamkata.

Tulimfunika kanga safi tukakimbilia barabarani. Bahati lori la wafanyabiashara wa mnadani lilikuwa likipita kuelekea Bariadi. Dereva alisimama kabla hatujainua mkono, nadhani kwa jinsi mama alivyokuwa. Alikuwa bila kilemba na bila viatu. Njia nzima alimpulizia mtoto usoni na kumwita kwa majina ya utani, na kila mara aliuliza, "Anapumua?" ingawa yeye ndiye aliyempakata.

Hospitali nesi hakuhitaji maelezo marefu. Alisema msimu wa kupulizia hawakosi mtu kama huyo, mara nyingi mwanamume aliyetoka shambani. Dawa walikuwa nayo. Nilipotoa kisanduku changu, daktari alikitazama, akanirudishia. "Hii ya nani?"

"Ya mbwa wetu," nilisema, kisha nikatamani ningesema vingine mbele ya mama.

Hakucheka. "Basi mrudishie mbwa wenu."

Mtoto alichomwa, akawekwa kitandani, na baada ya kitambo mashavu yake yakawa makavu na mekundu, akaomba maji. Daktari alisema atalazwa mpaka kesho kwa uangalizi. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika mguu wa mtoto. Hakuwa akilia. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Nesi alimletea sabuni, akanawa, akanawa tena.

Mimi nilishindwa kukaa. Nilitoka nikakimbia kwa miguu mpaka nyuma ya soko, jua likiwa limeinama. Njiani nilijiandaa kumkuta mbwa amefunikwa gunia.

Duka lilikuwa limefungwa mlango wa mbele. Nilizunguka uani. Daktari alikuwa ameketi chini kwenye saruji, suruali imelowa, kichwa cha mbwa juu ya paja lake kimeinamishwa ili mate yatoke nje. Alikuwa akimfuta mdomo kwa kitambaa, taratibu.

"Mtoto?"

"Anaendelea vizuri. Walikuwa nayo."

Alinyoosha mkono tu, nikampa kisanduku. Alichoma, tukasubiri. Nilianza kutembeatembea uani mpaka akaniambia nikae, kwa sababu namsumbua mgonjwa. Nikakaa. Koromo lilipungua polepole, kisha likawa pumzi ya kawaida. Alinionyesha jicho, na mboni ilikuwa imefunguka. Nilipiga mluzi, miwili mifupi. Sikio lile nusu lilisogea.

Mtoto alirudi nyumbani kesho yake, kichwa kama shamba lililovunwa vibaya. Mbwa alibaki kwa daktari siku kadhaa zaidi. Baba alikwenda kumchukua mwenyewe, akamkuta anasimama, ingawa miguu ya nyuma ilikuwa ikipishana. Ile chupa baba alitaka kuitupa mtoni. Daktari alimkatalia, akamwambia aichimbie shimo refu mbali na maji, na baba alifanya hivyo.

Mbwa aliishi miaka mingine. Hakulinda zizi tena kama zamani, alichoka upesi, lakini sauti alikuwa nayo. Alipobadilika ni kwa mama. Mama akitokea mlangoni, yeye aliinuka na kwenda kulala upande wa pili wa ghala. Mama alianza kumwekea maziwa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mbwa yeyote. Aliyaweka chini, akarudi nyuma mpaka kwenye kizingiti, akageuza uso kando. Mbwa alikuja akanywa. Siku nyingine mama alisogea hatua moja na kunyoosha mkono, na mbwa aliacha maziwa akaondoka.

"Mwache, mayu," nilimwambia siku moja. "Amesahau kila kitu, hiyo ni tabia tu."

"Hajasahau," mama alisema, akaenda kuongeza maziwa.