Siku Kiberenge Alipotulia

Fundi Pindo, mshona nguo mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikuwa amemwambia bintiye neno "tulia" mara nyingi kuliko alivyomwita jina. Jina lenyewe lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Kiberenge, maana, kama kile kigari cha reli, akishika njia hashikiki. Alishamwaga vifungo kwenye sufuria ya maharage, na juzi akapanda kabati la darasa ili aulize swali. Mwalimu mkuu akasema, "Mama, huyu hana malezi. Niletee neno la daktari, la sivyo asirudi."

Basi wakaenda kwa daktari wa watoto, mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni. Na Kiberenge katulia! Katulia kama maji mtungini, macho kayakodoa kwenye tangi la samaki.

Jasho likamtoka Fundi Pindo. Akamnong'oneza, "Mwanangu, chachawa kidogo."

"Si umesema nitulie?"

"Nilisema jana! Leo niaibishe, nakuomba."

Daktari akauliza, "Nyumbani yukoje?"

Maneno hayakutosha. Fundi Pindo akapanda kiti, akaning'inia kwenye pazia. "Anafanya hivi! Halafu hivi! Na huku anaongea!" Pazia likang'oka, akashuka nalo.

Kiberenge akageuza shingo. "Mama, tulia. Unawatisha samaki."

Daktari akavaa miwani, akamtazama mama mtu kwa muda uliopita adabu.

"Usinitazame mimi, dada. Mgonjwa yule pale."

"Mtoto mwenye tatizo la umakini," daktari akasema, "akipata kinachomteka, anatulia kuliko jiwe. Kwa hiyo kutulia kwake hapa hakuniambii kitu." Akauliza yalianza lini, analalaje, kama macho na masikio yamepimwa. Kisha akalifunika tangi kwa shuka.

Kufumba na kufumbua, kiti kinazunguka, droo ziko wazi, mzani wa watoto wachanga umepata abiria wa miaka minane.

"Ndiye huyo!" Fundi Pindo akapiga vigelegele. "Ndiye wangu huyo!"

"Bado haitoshi, mama. Lazima nimsikie na mwalimu wake. Tatizo likionekana nyumbani tu, au shule tu, natafuta sababu nyingine."

Akampigia mwalimu wa darasa. Mwalimu aliongea bila kumeza mate: tangu darasa la kwanza anasahau daftari, anasahau begi, siku moja alisahau kwenda nyumbani. "Lakini hana ubaya," akamalizia, akihema.

Hapo daktari akaomba apewe mwalimu mkuu.

"Sijamaliza kumpima, ila hili si suala la malezi. Arudi darasani, akae mbele, na kazi apewe kidogo kidogo. Kumfukuza si dawa."

Vigelegele vikalipuka tena, safari hii karibu kabisa na simu. Kikaanguka kitu. Daktari akasema, "Mama, shuka mezani."

Upande wa pili mwalimu mkuu akaguna kama mtu aliyemeza mfupa.

"Haya, mtoto aje kesho," akasema. "Ila mama yake amwachie getini."