Mbuzi Tuliowapeleka Lusangi

Nikisikia harufu ya majani mabichi yakifukizwa, hasira hunipanda hata leo. Ndivyo ua wetu wa Kasongo ulivyonuka kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Baba aliwafukizia mbuzi asubuhi na jioni, nao wakazidi kukohoa. Makamasi yaliziba pua zao, midomo ikajaa vidonda, na kwa jinsi walivyohara, bibi alifagia mpaka mgongo ukamkataa. Mbuzi walikuwa wa bibi, mama yake baba, lakini mwamuzi alikuwa baba. Jike mmoja mweusi, mwenye sikio lililochanika, bibi alinipa mimi nilipomaliza juzuu ya Amma katika chuo cha Kurani. Nilimwita Tausi. Yeye alikuwa bado mzima, na nilimlisha majani ya viazi mkononi.

Kwetu mtu hafugi mbuzi wake wote mahali pamoja. Huyu huwekwa kwa shangazi, yule kwa shemeji, na wakizaa, mlezi hupata mwanambuzi wake. Balaa likiingia ua mmoja, mbegu inabaki kwingine. Dhidi ya wezi na chui, desturi hiyo haina mfano. Basi walipokufa wanne, baba akaona ndiyo dawa. “Mutu iko na jamaa, mbuzi yake haiwezi kuisha,” alisema, akawatoa wote waliokuwa bado wanasimama, Tausi akiwemo, tuwapeleke Lusangi kwa shangazi. Bibi alimwomba angoje kwanza. Baba akaendelea kuwafunga kamba za safari. Tulitembea siku kadhaa, mbuzi wakinywa katika kila kijito na kulala katika nyua za watu waliotukaribisha kwa wema. Siku ya pili Tausi akaanza kukohoa. Nilimwambia baba, akasema ni vumbi.

Tulipofika, baba alirudi Kasongo, mimi nikabaki kwa shangazi na Tausi. Alikufa kabla ya Ijumaa, kichwa chake mapajani mwangu. Kisha wakafuata wa shangazi, kisha wa majirani, mpaka kijiji kikakosa mlio wa mbuzi. Wazee wakaita baraza, na baba akaitwa. Asubuhi ile Mzee Lukumbi, mtegaji aliyeishi nyuma ya nyumba ya shangazi, alikuwa ametoka msituni na mboloko, yule paa mdogo, akitaka watu waone alivyokufa. Wao waliona mkosaji. Walisema nyama zake za pori ndizo zilizoleta ugonjwa. Alisimama katikati yao bila kupaza sauti.

“Mie sikuiua. Niliikuta imekufa kwa mutoni, pua yake iko na makamasi sawa ya mbuzi zenu. Mbele ya mbuzi za Kasongo kuja, pori ilikuwa muzima.”

Watu wakamgeukia baba. Alijua kikohozi kilianzia wapi, nami nilijua kwamba anajua. Nilimvuta kanzu. Akaniambia mtoto hasemi barazani, na yeye mwenyewe hakusema. Mzee Lukumbi akafukuzwa kijijini na mkewe na vyungu vyao. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulimsikia mkuu, tukaua mbuzi wa kijiji kizima na paa wasio na mtu wa kuwalilia. Sijamsamehe baba kwa ule ukimya, Mungu amrehemu.

Leo nina nyua zangu na mbuzi wangu, na wenye sindano za chanjo bado hufika tukiwa tumeshazika. Watu bado hulaumu pori. Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu kutoka Salamabila: mbuzi wake wanakohoa, anawapakia kwenye pikipiki waje kwangu kabla hawajaisha. Nilikataa. Nilimwambia awafungie hapo hapo, asimpe mtu yeyote hata mbuzi mmoja. Akaniambia kwa uchungu kwamba mimi ni mtu asiye na jamaa, akakata simu. Mbuzi wake walikufa wote ndani ya ua wake. Wa jirani zake wako hai. Mpaka sasa hasemi nami, na jina alilonipa nimelikubali.