Likizo ya Mkaza Mwana Mkubwa

Tangu aolewe na mzaliwa wa kwanza wa ukoo wa Do, Mi-ran alikuwa hajawahi kuuona Mwaka Mpya ila kupitia mvuke wa kikaango. Watu wa Andong, mji wao huko Korea, hujisifu kwa kuwakumbuka wafu wao, na wanaojisifu zaidi ni wanaume, ambao kazi yao siku hiyo ni kuvaa suti, kusujudu mbele ya meza iliyojaa vyakula vya wafu hao, kula, kisha kulala chali sebuleni huku runinga ikiwatazama. Meza yenyewe huandaliwa na mwanamke asiye wa damu yao. Mi-ran hakuwahi kuwaona wazee hao marehemu wakiwa hai. Aliwajua kwa matakwa yao tu: huyu alipenda pweza, yule hakugusa peasi iliyochubuka.

Siku nyinginezo alishona mapazia katika duka lake dogo, na mbele ya cherehani alikuwa amebandika picha ya Sydney, watu wakila aiskrimu ufukweni mwezi wa Januari. Mwaka huo akaamua. Alitafuta ndege ya kwenda huko kutoka uwanja wa Incheon kabla tu ya sikukuu, akachagua viti viwili, cha dirishani kiwe chake, akapata na hoteli isiyo na jiko. Hilo la jiko alilihakikisha kwa simu. Mumewe, Byeong-cheol, aliachiwa kazi moja tu: kumwambia mama yake.

Kazi ikamshinda tangu majani yalipoanza kupukutika. Kila Jumapili alikwenda kwa mama yake, akarudi na kopo la kimchi, kabichi yao ya kuchachua, na sababu mpya.

"Leo hakuwa na hali nzuri."

Au: "Leo alikuwa na furaha, sikutaka kumharibia."

Mi-ran alimtazama mtu huyu mwenye mvi, msimamizi anayeogopwa kiwandani, na akaona aibu kwa niaba yake.

Theluji ilipoanguka, akaja dukani akitabasamu.

"Mama So-yul, nimemwambia!" alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyekwisha kuanza kujitegemea.

"Akasemaje?"

"Kafurahi mno. Anakuja."

Mi-ran akaweka mkasi chini. "Anakuja wapi?"

"Sydney! Na mdogo wangu Byeong-u pia. Tiketi zao nimeshakata. Ile hoteli nimeifuta, nimepata nyumba yenye jiko la gesi, mafiga manne! Wazee tutawaandalia kule kule. Mama anasema roho haziombi viza."

Alisubiri kusifiwa.

Jumapili iliyofuata walikutana kwa mama mkwe. Bibi huyo alikuwa ameshamchemsha pweza na kumfunga kwenye nailoni, ili aone kama atatosha begini.

"Siku ya safari mwingine kama huyu atakaa kwenye begi lako, Mama So-yul. Lako jepesi."

"Mama, watu wa forodha kule watamtupa."

"Wamtupe? Waambie ni wa marehemu."

Byeong-u alikuwa akimenya chungwa. "Shemeji, usihangaike. Pweza hata kule wapo. Wewe chemsha, kaanga, ukimaliza utatukuta ufukweni."

Akacheka. Byeong-cheol naye akacheka, kisha akamwona mkewe, akaacha.

Mi-ran hakukasirika. Hasira ni heshima, unampa mtu ambaye bado unatarajia kitu kwake. Watu hawa ungewapeleka hata mwezini, wangeibeba sebule yao.

"Nendeni," alisema. "Mimi nabaki."

"Unabaki?" Mama mkwe alishika kifua. "Na nani atakaanga?"

"Una wana wawili, mama. Mikono minne, mafiga manne."

"Wanaume washike kikaango mbele ya wazee!"

"Wazee watazoea. Wana muda."

Byeong-cheol alimfuata nje akiwa na kandambili za bafuni. "Si wewe uliyeitaka bahari?"

"Nilitaka kupumzika. Bahari mtaniangalizia."

Walikwenda, maana mama mkwe alikuwa ameshautangazia mtaa mzima. Asubuhi ya Mwaka Mpya Mi-ran aliamka jua limeshapanda, akachemsha tambi za pakiti, akazila kutoka kwenye sufuria. Hazikuwa tamu kama alivyotegemea. Nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi.

Simu ikalia. Ni Byeong-cheol.

"Mama So-yul, samaki anaanza kuchovywa kwenye unga au kwenye yai?"

Nyuma yake king'ora cha moshi kilikuwa kikilia, mama mkwe akifoka, na mbali zaidi, ndege wa baharini. Hao ndio Mi-ran aliowasikiliza, kwa muda.

"Jaribu vyote viwili," akasema, akakata simu.