Nyumba Iliyovuta Kiko

Baba yangu hakuweza kuona kitu kikakaa kama kilivyo. Kigoda cha bibi kilikuwa na miguu mitatu. Baba akakiongezea wa nne, na tangu siku hiyo ndipo kikaanza kuyumba. Bibi alikitupa nje. Watu wa kilima chetu, huko Masisi, walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi sikucheka hata kidogo, maana binti mkubwa ndiye aliyetumwa kuleta maji, udongo na mavi ya ng'ombe kila wazo jipya lilipomwingia kichwani.

Kazi yake ilikuwa uashi kwa mzungu mmoja wa shamba la pareto. Ilikuwa miaka ya hamsini ikianza. Kule juu baridi inauma, na mzungu alitaka kuota moto sebuleni bila kuvuta moshi, basi baba na wenzake wakamjengea shemine, yaani lile bomba la mawe linalobeba moshi na kuutoa juu ya paa. Baba alirudi nyumbani amechanganyikiwa. Alituambia, "Ile muzungu iko naota moto ndani ya nyumba, na macho yake haitoke machozi."

Sisi macho yalitoka machozi kila siku ya Mungu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na majani, moto uko katikati, uchaga wa mianzi wa kuwekea vikapu vya mbegu uko juu ya moto, na moshi ukijitafutia wenyewe mahali pa kupenya. Mama alikohoa. Alikohoa akipika, akisali, akilima. Mara nyingi nilimkuta shambani amesimama, ameegemea mpini wa jembe, akingoja pumzi irudi. Baba alimpeleka kwenye dispanseri. Mganga alimsikiliza kifua, kisha akamwita baba pembeni na kumwambia kwamba mwanamke huyu akiendelea kulala ndani ya moshi, atazikwa mapema. Walirudi kwa miguu, na usiku huo baba alikaa akiutazama moshi. 

Matofali na chokaa vilikuwa vya mzungu. Sisi tulikuwa na nyungu. Baba akapita nyumba kwa nyumba akiomba nyungu zilizopasuka, zile ambazo wanawake huzitupa nyuma ya migomba, na wakampa huku wakimuuliza kama sasa ameanza kupika. Alizitoboa matako kwa uangalifu mkubwa, akazipanga moja juu ya nyingine, akaziunganisha kwa udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe. Udongo huo niliukanda mimi. Chini ya nyungu hizo, juu ya moto kabisa, alining'iniza kapu kubwa lililopinduliwa, akalipaka udongo ule ule ndani na nje, ili likusanye moshi na kuuingiza kwenye nyungu. Uchaga ukasogezwa ukutani. Nyungu ya mwisho ilitoka juu ya paa, na baba aliizungushia mawe mepesi yenye matundu aliyoyabeba kutoka Sake, cheche zisiguse majani.

Siku ya kuwasha, watu walijaa uani. Moshi ulichelewa, ukazunguka ndani ya kapu, halafu ukapanda. Mtu mmoja akasema nyumba yetu inavuta kiko, na jina likabaki hilo. Mama aliingia, akakaa karibu na moto, akavuta pumzi, akaivuta tena. Hakukohoa. Baba alisimama mlangoni akimtazama, nami kwa mara ya kwanza nilijivunia kuwa mtoto wake.

Tulikuwa na furaha, nataka hilo lijulikane. Mama alinenepa kidogo. Alirudi kuimba kanisani, na alikuwa na sauti ambayo mimi sikuwahi kuijua.

Kisha mvua za kupanda zikafika, na mama akateremsha mbegu za maharage kutoka kwenye uchaga. Aliinua kikapu, akasita, kwa sababu kilikuwa chepesi. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu na fukusi wakitembea. Kila punje ilikuwa na tundu. Akateremsha kikapu cha pili na cha tatu, na vyote vilikuwa hivyo hivyo.

Hakuna mtu katika kilima chetu asiyejua kwamba mbegu huwekwa juu ya moto. Bibi alijua, mama alijua, baba alijua. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba moshi unafanya kazi. Moshi ulikuwa kero tu, kitu cha kupangusa machoni. Baba aliufukuza ili kuokoa kifua, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuuliza nani sasa atachunga mbegu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alitugawia mbegu kidogo na maneno mengi. Tulipanda kipande tu cha shamba. Msimu ule tulikula mihogo mpaka mdogo wetu wa mwisho akaanza kuvimba miguu, na mama alikuwa akimbonyeza kwa kidole kila asubuhi, akitazama shimo linavyokawia kufunga. Nadhani hapo ndipo alipoamua.

Tulipovuna kile kidogo, shangazi alitaka mbegu zikae kwake, penye moshi. Mama alikataa. Kwetu mwanamke anayehifadhi mbegu katika nyumba ya mwingine ni kama hana nyumba. Baba naye alikuwa ameshapata wazo lingine: kijumba kidogo nyuma ya nyumba, moto wake chini, mbegu juu, moshi usitoke kabisa. Alikichora chini kwa kijiti, akaeleza kwa mikono yote miwili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Moto mbili," akamuuliza, "kuni ya nani?"

Baba akasema atazitafuta yeye. Lakini pareto ilikuwa imefika kuvunwa, majengo ya kukaushia yalikuwa hayajaisha, na mzungu hakumpa hata alasiri moja. Mchoro ulifutwa na mvua.

Siku moja, baba akiwa kazini, mama alinituma udongo. Niliuleta nikidhani ni kazi ya baba. Mama alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akasukuma majani ya migomba ndani ya kapu, akayakandika udongo mpaka tundu likafungwa. Akaurudisha uchaga juu ya moto, akapanga vikapu vyake. Moshi ukajaa nyumba nzima kama zamani.

Baba alirudi, akasimama pale pale mlangoni. Alisema atalifungua tundu kesho asubuhi.

"Ukifungua, batoto batakula nini?" mama akamwambia. "Mbegu ni ya batoto. Kifua ni yangu."

Hakufungua. Nilimkasirikia kwa hilo, na sijamaliza kumkasirikia, ingawa najua mdogo wangu alikuwa amelala pale na miguu yake.

Mama alikufa kabla ya mvua za kupanda. Alikuwa amekaa, kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda, na baba alikuwa amemshika mgongo.

Watu walikuja kutoka vilima vyote. Wengine walitembea kutwa nzima, na msiba kwetu haulazi mtu na njaa. Hapakuwa na kitu ndani. Shangazi aliingia, akatazama juu ya uchaga. Nilijiweka mbele yake, nikamwambia zile ni mbegu, hazipikwi. Hakunigombeza. Aliniambia kwa upole, "Batu bako nalia mama yako. Utabapa nini?" Kisha akanisogeza kwa mkono, akateremsha vikapu vyote.

Maharage yalichemka mchana wote katika nyungu za majirani. Mimi niligawa sahani, ndiyo kazi ya binti mkubwa. Baba nilimpelekea ya kwake uani, alikokuwa amekaa peke yake na kofia magotini. Alichukua punje moja, akaigeuza kwenye vidole kama anayetafuta tundu, akachukua nyingine, akaigeuza nayo. Alifanya hivyo kwa muda.

"Iko mazima yote," akasema.

Halafu akala, kwa kuwa alikuwa hajala tangu juzi.