Jaji Niliyemwandikia Wasifu

Rafiki yangu, sogea karibu. Hili hata mchungaji wangu sijamwambia lote.

Mimi natunza wazee hapa London, na jioni mbili kwa wiki naenda kolegi kumalizia shule niliyoikosa Tanzania. Mwaka jana ticha alitaka kila mtu aandike maisha ya mtu mmoja wa zamani. Mimi nikaangukia jaji wa Marekani, karne ya kumi na tisa. Nikampenda bure. Mtoto wa mkulima, alijisomea sheria baada ya kazi za shamba, akawa jaji, halafu rais wao akamtuma Ulaya kuwa balozi.

Nikamwandika kama tunavyoandika wasifu wa marehemu kwetu: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, kuugua, ameacha mjane na watoto watano. Nilipousoma darasani, Mkongo mmoja anayekaa nyuma akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mama, huyu jaji tunamuzika siku gani? Nilete muchele?"

Nikacheka. Ticha hakuelewa, alikuwa anafungua kile kitabu nilichotolea habari za jaji. "Na huyu mwanamke umemwacha wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimemwona. Mtumwa, alivuka mto na mtoto mgongoni, akakimbilia jimbo lisilo na utumwa. Wakamkamata, wakamleta mbele ya jaji wangu, naye akaamuru arudishwe kwa bwana wake. Alimwandikia mkewe kwamba roho ilimuuma, lakini sheria ni sheria. Baada ya hapo kitabu hakisemi mwanamke aliishia wapi. Kinaendelea na ubalozi, karamu na nishani.

"Kwetu marehemu hasemwi vibaya," nikamjibu ticha.

"Sijasema umseme vibaya. Nimeuliza yuko wapi."

Kwenye basi la kurudi Tottenham nililia, na sikuwa namlilia jaji.

Kaka yangu alikuwa na binti aliyemzaa kabla ya ndoa. Alimleta huku, yeye na mkewe wakaishi naye Hayes. Akiwa na miaka kumi na saba, yule binti alikuja mlangoni kwangu na begi, mdomo umevimba. "Shangazi, nakuomba, nisirudi." Nikampa chai, nikamwombea, kisha nikamwambia baba ni baba, Biblia imesema tuwaheshimu wazazi. Nikapanda naye treni, nikamfikisha mwenyewe mlangoni kwa kaka. Wiki ile ile binti akaondoka. Ni miaka sita, hatujui alipo.

Mwaka huu kaka amefariki. Wasifu nikaambiwa niandike mimi, eti ndiye msomi wa ukoo. Wifi yangu, mjane wake, akanifuata jikoni.

"Watoto watatu, wifi. Andika watatu."

"Ni wanne."

"Wifi, usinivue nguo mbele za watu. Yule alikwenda mwenyewe."

"Alikimbilia kwangu, wifi. Mimi nikamrudisha."

Siku ya ibada, kwenye ukumbi wa Barking, nikausoma. Kuzaliwa, elimu, kazi, hayo yalipita vizuri. Nilipofika kwenye watoto nikasoma wanne. Nikamtaja yeye wa kwanza, jina lake na la mama yake. Nikasema alikuja kwangu amepigwa, nami nikamrudisha kwa mikono yangu. Mjomba mmoja akanong'ona, nikamsikia, "Huyu kasoma mpaka kachanganyikiwa." Wifi akatoka nje, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Sijuti. Namwomba Mungu anisamehe lile la kwanza. Hili la pili nitasimama nalo.

Rafiki yangu, ukimaliza kusoma usibaki na habari hii peke yako. Msomee mwenzako kazini, kanisani, saluni, naye amsomee mwingine, mpaka imfikie binti mmoja ambaye hajui kwamba baba yake tumemzika. Mwambieni jina lake lilisomwa la kwanza. Mwambieni shangazi bado anakaa pale pale, na safari hii hamrudishi kwa mtu.