Wasingya ya Mgombea

Nakumbuka asubuhi moja sokoni Bihambwe, mwanangu, na nikikuona na hiyo fulana ya chama ninaikumbuka tena, hasira zinanipanda. Kaa hapa.

Sisi Wanande tulikuwa wachache pale. Baba zetu walitoka Butembo na biashara ya chumvi na vitenge, wakajenga vibanda vya mbao. Mwaka ule wa uchaguzi watu wakaanza kusema vibanda vyetu vitavunjwa. Tulitaka jambo moja tu: mgombea asimame mbele ya soko zima, aseme tutabaki.

Chama kimoja kikanitafuta mimi, kijana wa kwaya, najua na Kifaransa kidogo. Eti niwe "mobilisateur wa Wanande", mhamasishaji wao! Ah, jina lile lilinivimbisha kichwa. Nikawaambia, "Sauti za Wanande, kura zote, ni zenu." Nani alinituma? Hakuna. Na habari ya vibanda sikuitaja. Niliona haya kumsumbua mtu mkubwa kama mgombea wao. Badala yake nikakaa naye kumfundisha Kinande. Salamu ikamshinda. Neno la kushukuru, wasingya, ndilo aliloliweza.

Asubuhi ile ya mkutano sokoni akashuka garini, akashika kipaza sauti: "Wasingya! Wasingya!" Yesu wangu, tulivyoshangilia! Akagawa kofia, akapanda gari, akaenda.

Mama mkubwa Masika, dada ya mama yangu, hakupiga makofi. Aliuza vitenge pale tangu sijazaliwa. Akanivuta mkono.

"Ule papa mgombea anatushukuru ju ya nini?"

"Ni heshima tu, mama. Amesema luga yetu."

"Muntu anashukuru akisha kupewa. Mimi sijamupa kitu. Nani alimupa?"

Nikaivua kofia ya chama.

"Ni wewe. Ulimupa sauti yangu bila kuniuliza. Na kibanda yangu, alisema nini?"

Hakusema kitu, mwanangu. Alichaguliwa, na vibanda vikavunjwa, cha mama mkubwa kikiwa cha kwanza. Nikamfuata yule mheshimiwa mpaka Goma. Nilipomsalimu mlangoni kwa wasingya, akauliza hiyo ni lugha gani.

Mama mkubwa akauzia vitenge chini, juu ya shiti, mvua ikija anavikusanya mbio. Hakunilaumu tena hata siku moja. Afadhali angenitukana!

Sasa na wewe wanakuita "rais wa vijana Wanande", na wewe unacheka meno yote nje. Jamani! Mpaka lini tutanunuliwa kwa neno letu wenyewe? Sikia. Usimpe mtu sauti ya mama yeyote ambaye hukumuuliza. Wakija, waambie jambo letu bila haya, nao wajibu kwa Kiswahili, katikati ya soko, Wahunde wasikie, Wahutu wasikie, kila jirani asikie. Ahadi ambayo mtu anakunong'oneza kwa Kinande, uliza kwanza amewanong'oneza nini wale wa kilima cha pili. Na hiyo fulana, vua, ukalimie shambani.

Haya, inama nikushike kichwa. Mungu wa baba zetu akupe mdomo usioona haya. Na siku mtu akikuambia wasingya, iwe kweli umempa kitu, na kitu hicho kiwe kilikuwa chako.