Kipimo cha Saa Tisa

Kwa miaka ishirini na sita Machibya amekuwa akisoma kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kule Ilemela, na katika zamu zake zote daftari halina saa hata moja iliyoachwa wazi. Sifa hiyo anaipenda kupita kiasi. Ukimpa nafasi atakusimulia mpaka chai ipoe.

Mwaka huu ikaja kazi ya setilaiti ndogo, yenye ukubwa wa katoni ya sabuni, inayozunguka dunia kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Walioitengeneza walitaka isaidie kutabiri dhoruba za kule kwenye barafu ya ncha hizo. Lakini barafuni hakuna kituo cha kuisahihishia, basi kila inapopita juu ya Ziwa Victoria vipimo vyake hulinganishwa na vya Machibya. Alitamba wiki nzima.

Alhamisi jirani yake akafiwa na mke. Kuchimba kaburi kwenye miamba ya Ilemela si kazi ya mtu mmoja, na asiyeshika sururu kwa mwenzake, siku yake ikifika ataona watu wachache. Machibya akaenda, akarudi kituoni saa kumi na moja. Kipimo cha saa tisa hakikuwepo. Kule makaburini jua lilikuwa kali, kwa hiyo akaandika nyuzi ishirini na tisa, kwa mwandiko wake mzuri uleule.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ya siku nne. Jumatatu akapigiwa simu na Gladness, binti anayelinganisha vipimo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Alhamisi saa tisa setilaiti imesoma ishirini na mbili, kama vile mvua ilinyesha hapo kituoni. Wakubwa wamesema wewe hukosei, kwa hiyo leo wanairekebisha ifuate kipimo chako."

Machibya aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Msafiri wa barafuni angeambiwa kesho kutakuwa shwari kwa kufuata namba ya Machibya, kumbe Machibya alikuwa makaburini.

"Wasiiguse," akasema. "Nilikuwa mazikoni. Ile namba niliikisia."

Upande wa Gladness vikasikika vitufe vya kompyuta.

"Nimeifuta, mzee. Asante kwa kusema. Na zile nyingine, za miaka yote, ulizisoma?"

"Nilizisoma," akajibu, na ilikuwa kweli.

"Sawa, mzee," akasema kwa heshima ileile. "Ila kuanzia leo, kila ukisoma, piga picha ya kipimajoto unitumie."